Mvua ya Tarehe Kumi na Tatu

Saa moja na nusu asubuhi mlango wa Klabu ya Zamani ulikuwa umefungwa kwa kufuli mbili, na nyuma yake kulikuwa na mtu aliyesimama kimya akisikiliza. Inspekta aliviona viatu vyake kwenye uwazi wa chini. Akabisha tena.

"Nani?"

"Polisi."

"Polisi yupi?"

"Yule yule wa jana, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Jana si ulisema umemaliza?"

"Jana nilidanganya."

Kufuli zikalia moja baada ya nyingine. Bibi Funguo, mtunzaji wa jengo, akachungulia kwa jicho moja, akamwona Inspekta na koplo wake wamelowa ukungu, akawapisha kwa shingo upande. Mwanamke huyu alikuwa na funguo thelathini na moja kiunoni, na hakuna aliyewahi kumwona akikosea tundu.

Inspekta naye alikuwa na jina lake. Kikosi kizima kilimwita Kwanini, kwa sababu neno hilo halikumtoka mdomoni tangu aamke mpaka alale. Alikuwa ametumwa kwenye mji huu wa mlimani siku tano zilizopita kwa ajili ya karatasi moja tu, na karatasi hiyo ilikuwa imemkalia kooni kama mwiba wa samaki.

Mji wenyewe ulijengwa na wakoloni waliokimbia joto na homa za bondeni. Walijenga nyumba za mawe zenye mabomba ya moshi, wakapanda mawaridi, wakachonga uwanja wa tenisi ubavuni mwa mlima, wakamaliza kwa Klabu yenye baraza pana. Wapishi, madobi na wapagazi waliowabeba wake zao kwa machela kutoka bondeni waliwekwa kwenye safu ya vyumba chini ya barabara, wakaiita Mstari wa Chini. Wakoloni waliondoka. Mstari ulibaki, na sasa una familia arobaini na tatu.

Kisha akaja tajiri mmoja, akanunua nyumba ya mapumziko ya gavana ili aigeuze hoteli, akaidai na ardhi ya Mstari. Watu wakambatiza Gavana Mpya, naye badala ya kukasirika akacheka. Miezi miwili iliyopita mafundi wake, wakikarabati Klabu, walibomoa ukuta na kukuta kisanduku cha bati. Ndani yake kulikuwa na hati iliyopigwa taipu: kwamba tarehe 13 Aprili 1935, alasiri, barazani mwa Klabu, mvua kubwa ikinyesha, wazee watatu wa Mstari wa Chini walikiri kwa hiari yao kuwa wao ni wageni waalikwa na hawana haki yoyote juu ya ardhi ile. Chini yake kulikuwa na alama za madole gumba matatu.

Baraza la ardhi lilikuwa likae kesho saa nne. Hati ikisimama, familia zote arobaini na tatu zinatoka. Ikianguka, zinabaki.

"Karatasi ni ya kweli," Inspekta alisema, akivua koti. "Wataalamu wameithibitisha. Ukiiinua kwenye mwanga unaiona nembo ya Klabu. Na taipu ni ya mashine ile pale kwenye kona. Karatasi tupu za Klabu zimebaki ngapi, Bibi?"

"Nusu ya kabati."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi tena." Bibi Funguo akakunja mikono. "Kama umekuja kuniambia mimi ndiye niliyeiandika, sema mapema nichukue kanga yangu twende."

"Mbuzi wa Mstari walikula mawaridi yako mwaka jana. Ulisema mbele ya mashahidi kwamba ungefurahi kuwaona wote wakihamishwa."

"Wale mbuzi! Sikusema watu."

Koplo akakohoa ili asicheke. Inspekta akaomba kitabu cha wageni, akakipitia kwa kidole. Tangu mwaka uanze, watu watatu tu ndio waliotia mguu kwenye chumba kile cha kumbukumbu. Gavana Mpya aliingia mara nne. Mama Dobi, mfua nguo wa Mstari, aliingia mara moja kurudisha mapazia. Na Mzee wa Mvua, mpimaji wa mvua wa serikali, aliingia mara nyingi kiasi kwamba Bibi Funguo aliacha kumwandikisha kila safari.

"Kwanini aje sana?"

"Anapenda picha za zamani. Babu yake ndiye alikuwa mpimaji wakati wa wakoloni. Anakaa hapo, anaangalia, anaondoka. Hana neno."

"Na vitabu vya mvua vya babu yake?"

"Vya wakoloni viko humu, kwenye kabati la vioo. Vya tangu uhuru anavyo mwenyewe."

Wazo likampitia Inspekta, naye hakuliachia. Hati inataja mvua, na mvua ina kitabu chake. Akaomba kitabu cha mwaka 1935. Bibi Funguo akatia ufunguo bila kuangalia. Aprili ilikuwa ukurasa mmoja, kwa mwandiko mwembamba uliosimama wima. Mbele ya tarehe 13 palikuwa na kistari, maana yake hakuna mvua. Tarehe 14: inchi mbili, pointi nne moja.

"Hakuna mvua tarehe kumi na tatu!" Koplo alipiga meza. "Afande, tumemaliza. Hati ni ya uongo."

"Kwanini una haraka?" Inspekta alisema, lakini hata yeye alikuwa anatabasamu. Akatia sahihi, akakibana kitabu kwapani, wakatoka.

Uwanja wa vipimo ulikuwa nyuma ya Klabu. Ulizungushiwa uzio, na ndani yake kulikuwa na boksi jeupe la vipimajoto, nguzo fupi ya mawe yenye bamba la shaba, na kipimamvua chenyewe, mtungi wa shaba uliofukiwa nusu ardhini. Mzee wa Mvua alikuwa amesimama kando akiangalia saa yake ya mkononi. Alikuwa mwembamba, amenyoa ndevu, na shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikakaa kama mistari ya daftari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dakika mbili, mwanangu. Saa tatu haijafika."

Wakangoja. Saa tatu kamili akainama, akatoa chupa ya ndani, akamimina maji kwenye bilauri ya kupimia, akaiinua mpaka usawa wa macho, akafumba jicho moja, akaandika. Yale maji akayamwaga kwenye ua moja tu, waridi jeupe karibu na uzio. Kisha ndipo akageuka kama mtu aliyemaliza sala.

"Nina swali kuhusu Aprili ya mwaka thelathini na tano," Inspekta alisema.

"Tarehe kumi na nne, mbili pointi nne moja," Mzee akajibu. "Ile ilinyesha kumi na tatu."

Kitabu kilikuwa bado kimefungwa kwapani mwa Inspekta. Aliliweka jambo hilo kando kichwani mwake.

"Kumi na tatu? Lakini kitabu kimeandika kumi na nne."

Mzee akacheka kwa upole, kama mwalimu na mtoto wa darasa la kwanza. "Haya maji niliyopima sasa hivi yalinyesha lini? Tangu jana saa tatu mpaka leo saa tatu. Nayaandika tarehe ya leo, lakini ni mvua ya jana. Ukitaka kujua ilinyesha lini, rudi nyuma siku moja. Kwa hiyo mvua ya kumi na nne ni ya alasiri ya kumi na tatu. Hati yenu inasema kweli. Inaniuma kusema hivyo, maana dada yangu anakaa kule chini. Lakini mvua haina ndugu."

"Na enzi za babu yako walihesabu hivyo hivyo?"

"Mvua ni ile ile, Inspekta."

Koplo alinywea. Inspekta akaegemea nguzo ya mawe, amevunjika moyo kabisa, macho yake yakizunguka bila kutafuta kitu. Bamba la shaba lilisema kwamba kipimamvua kilisimikwa na mke wa Gavana, tarehe 3 Juni 1926, saa kumi alasiri. Walipenda kujitukuza wale. Kilichokosekana ni idadi ya vikombe vya chai tu. Akaaga.

Mama Dobi walimkuta Mstari wa Chini, mlangoni pa chumba chake, pasi ya mkaa mkononi na shati jeupe juu ya meza. Kuta za chumba zilikuwa za mawe yale yale ya Klabu, ila yaliyobaki, madogomadogo. Mama yake alifulia wakoloni kwenye sinki lile lile lililokuwa nyuma yake.

"Karibuni. Siwapi mkono, una makaa."

"Shati la nani hilo?"

"La kaka. Kesho ndiye shahidi wetu." Akaibonyeza pasi kwenye kola. "Mstari mzima tulikaa tukamchagua. Humu kuna watu hawaamini polisi, hawaamini baraza, mimi hata wewe sikuamini sana, usinielewe vibaya. Lakini kitabu cha kaka kila mtu anakiamini. Watoto wote humu wanamwita mjomba, hata wasio na undugu naye. Miaka thelathini na moja hajawahi kukosa saa tatu. Alipofiwa na mkewe alipima kwanza, ndipo akaja kulia."

"Atasema nini kesho?"

"Atasema ukweli. Hati ikisema mvua na mvua haikuwepo, si imekwisha?"

Inspekta alimwangalia. Mama huyu hakujua. Kaka yake hakuwa amemwambia kwamba mvua, kwa hesabu yake, inakubaliana na hati.

"Kazi yake inaendeleaje?"

Pasi ikasimama. "Usiniulize. Mwaka huu mwanzoni idara ilimwandikia barua. Wanaleta mashine inayojipima yenyewe, wataiweka mjini, na hiki cha hapa kitang'olewa. Alikonda, Inspekta. Alikuwa anakaa tu anaangalia ukuta. Mimi namletea chakula, nakichukua kama kilivyo. Halafu ghafla, kama miezi mitatu iliyopita, akapona. Akaanza kula. Nikamkuta anaimba."

"Kwanini alipona?"

"Nilidhani ni dawa," Mama Dobi alisema, akarudisha pasi kwenye kola.

Barabara ya kupanda ilikuwa na ngazi mia moja na kumi, zile zile za wapagazi wa machela, na Inspekta alizipanda ameinamisha kichwa. Kwenye ngazi ya themanini hivi akasimama ghafla, koplo akamgonga mgongoni.

"Koplo. Kitu kikifukiwa ardhini leo saa kumi alasiri, utakipima kwa mara ya kwanza lini?"

"Kesho saa tatu asubuhi."

"Na kwa hesabu ya Mzee, utaandika tarehe ipi?"

"Ya kesho. Siku ya kupima."

"Twende. Nataka kitabu cha kwanza kabisa."

Bibi Funguo alilalamika kwamba wamemtia tope sakafuni, lakini kabati alilifungua. Kitabu cha mwaka 1926 kilikuwa kimeliwa na mende kwenye kona. Inspekta akaufunua ukurasa wa kwanza taratibu. Mstari wa kwanza kabisa wa kitabu, kwa mwandiko ule ule uliosimama wima, ulikuwa na mvua ndogo, pointi moja mbili. Tarehe 3 Juni.

Akakaa.

"Kuna nini?" Bibi Funguo akauliza.

"Kipimo kilisimikwa tarehe tatu alasiri. Saa tatu asubuhi ya siku hiyo hakikuwepo, kulikuwa na shimo tu. Basi maji ya kwanza yalipimwa tarehe nne asubuhi, na babu yake Mzee akayaandika tarehe tatu. Unaona? Wakati wa wakoloni waliirudisha mvua kwenye siku iliyonyesha. Leo wanaiandika siku waliyoipima. Utaratibu ulibadilika katikati."

"Baada ya uhuru idara ilileta vitabu vipya," Bibi Funguo alisema polepole. "Mzee alianzia kwenye hivyo. Babu yake alikufa yeye bado hajui kusoma."

"Kwa hiyo ile mvua ya Aprili iliyoandikwa kumi na nne ilinyesha kumi na nne. Tarehe kumi na tatu palikuwa pakavu." Inspekta akasugua macho. "Hiyo ni hesabu yangu tu, na baraza halili hesabu yangu. Wakoloni wakikaa mlimani Jumamosi alasiri walifanya nini?"

Bibi Funguo alikuwa ameshasimama. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alitafuta ufunguo kwa macho. Akarudi na daftari jekundu la tenisi, akalipuliza vumbi, akafungua mwaka 1935. Tarehe 13 Aprili, Jumamosi: fainali ya wawili wawili, imechezwa uwanja mkavu, imeisha saa kumi na moja na nusu jioni. Jumapili tarehe 14: zawadi zimetolewa ukumbini kwa sababu ya mvua.

"Hapo barazani mwa Klabu palikuwa pamejaa watazamaji," Inspekta alisema. "Wazee watatu weusi wasingekaribia hata ngazi. Sasa sikia, Bibi, maana hapa ndipo unapotoka kwenye orodha yangu. Wewe ungetaka kutunga hati yenye mvua, ungefungua kitabu, ungeona mvua kumi na nne, ungeandika tarehe gani?"

"Kumi na nne."

"Na Gavana Mpya?"

"Kumi na nne. Mtu yeyote angeandika kumi na nne."

"Mtu yeyote asiyepima mvua. Aliyeandika kumi na tatu ni mtu ambaye kwa miaka na miaka akiona tarehe anarudi nyuma siku moja bila hata kufikiri."

Bibi Funguo alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Funguo zake zote zikalia pamoja. "Mama Dobi atakufa," alisema.

Asubuhi ya siku ya baraza kulikuwa na matone bado kwenye majani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Inspekta alifika kwenye uzio saa tatu kasoro robo, pamoja na koplo, na Mzee wa Mvua alikuwa pale pale, saa mkononi, shati la kazi limenyooka.

"Umekuja mapema, mwanangu."

"Nimekuja na hiki." Inspekta akaweka juu ya nguzo ya mawe kibati kidogo cha wino na karatasi nyeupe. "Jana ningeomba dole lako, hakimu angeniuliza kwanini, na mimi ningekosa la kumjibu. Leo ninalo."

Akamweleza. Hakupandisha sauti. Alianza na shimo la tarehe tatu Juni, akaja kwenye daftari la tenisi, akamalizia na siku moja iliyorudishwa nyuma. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yaliondoka usoni mwa Inspekta yakaenda kwenye bamba la shaba, bamba alilolipangusa kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja, na midomo yake ikasoma tarehe kimyakimya.

"Aliirudisha," alisema. "Babu aliirudisha."

"Ndiyo, mzee."

"Hakuna aliyeniambia."

"Dole lako, tafadhali."

Mzee aliutazama mkono wake wa kulia. Dole gumba likajikunja ndani, vidole vinne vikalifunika. Alibaki amekunja ngumi hivyo, na Inspekta akaona haja ya wino imekwisha.

"Maneno ya sheria aliyaleta Gavana Mpya, nikayapiga taipu kwenye karatasi niliyoichukua Bibi Funguo alipoacha kabati wazi," Mzee alisema mwishowe. "Tarehe na mvua ni vyangu. Hakuniomba mvua. Niliiweka mwenyewe. Siwezi kuandika siku bila mvua yake, Inspekta, najiona kama nimeandika nusu. Dole moja ni langu. Mengine mawili ni ya kwake na dereva wake."

"Kwanini?"

"Aliahidi kipimo hakitang'olewa. Angekizungushia bustani ya hoteli, wageni wangekuja kuangalia, na mimi ningepima mpaka siku yangu. Nilijiambia wale wa Mstari watapewa pahali pengine. Watu huhama. Kipimo kikihama kinakufa, maana huwezi kulinganisha tena mvua ya hapa na ya huko. Miaka yote ya babu na yangu inakuwa takataka."

Inspekta alimwonea huruma na akamkasirikia kwa pamoja, na hakujua lipi lilikuwa kubwa. Akamgeukia koplo. "Nenda hotelini na wenzako wawili. Gavana Mpya na dereva wake. Wachukue alama za madole kabla hawajanawa mikono."

Koplo alipofungua lango la uzio, alipishana na Mama Dobi. Shati jeupe lilikuwa limelazwa kwenye mikono yake yote miwili lisijikunje. Alikuwa amepanda ngazi zote mia na kumi, na jasho lilimtoka.

"Kaka, mvua ya jana ngapi?" alisema, kama alivyosema kila asubuhi. Kisha akaona kibati cha wino, na ngumi ya kaka yake, na uso wa Inspekta.

"Kuna nini?"

Inspekta akamtazama Mzee.

"Kaka, nakuuliza."

"Ile hati," Mzee alisema. "Niliiandika mimi."

Mama Dobi alisimama. Alitazama mtungi wa shaba ardhini kwa muda mrefu, halafu akatazama boksi jeupe, halafu waridi lile karibu na uzio, kama mtu anayetafuta thamani ya vitu hivyo na haioni.

"Mama alizaliwa kwenye kile chumba," alisema. "Na wewe."

"Najua."

"Na wanangu waliokuita mjomba."

"Najua, dada."

Saa ya Mzee ilikuwa imefika tatu na ikapita. Hakuna aliyeinama. Inspekta aliona kitabu kiko wazi juu ya boksi, tarehe ya leo imeandikwa kwa penseli na mbele yake pako tupu. Alitoa pingu.

"Subiri," Mama Dobi alisema. Alimsogelea kaka yake, akamfungua vifungo vya shati la kazi kimoja kimoja kama anavyovuliwa mtoto, akamvisha lile jeupe, akamnyoosha kola kwa kiganja.

"Nimelipiga pasi kwa ajili ya shahidi wetu," alisema. "Familia arobaini na tatu zinakungoja kule chini. Nenda ukawaambie mvua ilinyesha lini."

Kisha akaokota shati la kazi lililoanguka kwenye tope, akalikunja, na akashuka ngazi mbele yao bila kugeuka nyuma.